Jina Lililong'aa Zaidi

Sehemu ya tisa

Haya ni kweli tupu. Naapa kwa mvi zangu zote, na ni nyingi, kwamba sijatia chumvi hata punje. Wale waliomwandikia mhariri wakidai nilizidisha katika sehemu ya sita, niliposema daraja lilipiga chafya, waende wakasimame pale katikati saa saba mchana wasikilize wenyewe, kisha waje kuniomba radhi.

Tuendelee. Tulimwacha Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi kashika kamba ya pazia jekundu. Ni Jumatano asubuhi, daraja jipya linafunguliwa, uchaguzi ni Jumapili, na Waziri anautaka tena ubunge wake. Na tulimwacha Tindo, binti mchonga mawe, katikati ya umati. Upepo ulikuwa umelipeperusha pazia kidogo tu, akaona herufi moja ambayo haikutakiwa kuwa pale.

Akapiga kelele kwamba asivute. Bendi ikamzidi.

Waziri akavuta.

Pazia likaanguka. Jiwe jeusi likang'aa juani kiasi kwamba watu wa safu ya mbele walikinga macho kwa mikono. Kisha wakasoma kwa pamoja, kwa sauti, kama darasa la kwanza: daraja hili limefunguliwa rasmi na Mheshimiwa Mbunge wetu. Na majina yaliyofuata, yote matatu, hayakuwa ya Waziri.

Yalikuwa ya mpinzani wake, Mwalimu.

Bendi ikakatika. Mpiga tarumbeta alibaki na pumzi mashavuni, na wanaomfahamu wanasema hakuitoa mpaka saa kumi jioni.

Kwa msomaji aliyechelewa kujiunga nasi: Mwalimu ni mstaafu aliyewafundisha hesabu nusu ya watu wa mji ule, na kampeni yake nzima ni swali moja. Daraja limejengwa na kampuni ya ng'ambo, kampuni hiyo ndiyo itakayomtoza kila anayevuka, na Mwalimu anauliza: kwa miaka mingapi? Mkataba haujaonwa na mtu. Waziri anajibu kwamba mkataba upo. Mwalimu anauliza tena, miaka mingapi? Waziri anajibu kwamba daraja ni zuri.

Na Mwalimu ndiye baba mzazi wa Tindo.

Waziri akaligeukia jiwe, akaugeukia umati, akaligeukia jiwe tena, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkwewe. Kisha akamtafuta kwa macho Meneja wa Uhusiano, mwenyeji mwenzetu ambaye kampuni ilimwajiri kwa kazi moja tu, kutabasamu. Meneja alikuwa analitabasamia jiwe. Hakujua afanye nini kingine na uso wake.

Watu wakacheka. Tindo naye alicheka, maana si kila siku unamwona Waziri akitafuta pa kuweka mikono.

Kicheko hakikufika mbali. Mtu mmoja aliuliza wageni wamejuaje nani atashinda. Mwingine akauliza kwa nini wamemtaka huyo na si mwingine. Umati ulipofika sokoni, maswali yalikuwa yameshageuka majibu. Mwalimu kanunuliwa. Asubuhi anaulizia mkataba, jioni anakaa meza moja na wenye mkataba. Kelele zote zile alikuwa anapandisha bei yake.

Tindo aliyasikia hayo akiwa anapita kwenye vibanda vya mitumba. Baba yake hakuwa na gari la kampeni. Hakuwa na fulana za kugawa wala vipaza sauti. Alikuwa na kitu kimoja tu, kwamba hakuna mtu aliyewahi kusema huyu mzee amenunuliwa. Sasa mji mzima ulikuwa unasema, zimebaki siku nne, na jina lile lilichongwa kwa mkono wa binti yake.

*

Ilikuwaje?

Miezi miwili nyuma, Meneja alifika karakana kwa Tindo na kreti kutoka ng'ambo. Kila kitu cha daraja lile lazima kitoke kwao: saruji yao, misumari yao, hata fagio la kufagilia vumbi letu ni lao. Basi na jiwe la ufunguzi pia, na lilikuja moja tu.

Wakati huo ufunguzi ulipangwa baada ya uchaguzi. Meneja akamwelekeza achonge jina la Waziri upande huu, na jina la Mwalimu upande ule. Atakayeshinda tutamtazamisha nje, alisema, na atakayeshindwa tutamwachia saruji.

"Kwa hiyo nyinyi mko upande gani?" Tindo aliuliza.

"Kampuni haina upande, dada yangu. Atakayeshinda ndiye rafiki yetu wa siku zote."

Tindo angeweza kukataa. Angeweza, jioni ile ile, kumwambia baba yake mezani. Hakufanya hivyo. Kuchonga jina la baba yako kwenye jiwe la namna ile, na neno Mbunge juu yake, ni kishawishi ambacho hata mimi kingeniangusha. Akafunga mdomo, akashika nyundo.

Kisha Waziri akasikia kwamba daraja litafunguliwa baada ya kura. Akawaka moto. Akausogeza ufunguzi kwa nguvu hadi Jumatano, na yeye ndiye mgeni rasmi. Meneja akatuma amri jiwe lisimikwe upesi. Likasimikwa upesi. Na likasimikwa kinyume.

*

Jumatano ile Tindo alimkuta baba yake sebuleni, amekaa wima kwenye kiti cha mbao, mabango ya kampeni yamekunjwa miguuni. Watu watatu walikuwa wameshawahi kumletea habari, na kila mmoja aliileta ikiwa imenenepa kuliko ya mwenzake.

Mwalimu hakufoka. Aliuliza kama alivyokuwa akiwauliza wanafunzi walionakili.

"Jibu nimeshaletewa. Nionyeshe njia."

Tindo akamwonyesha njia yote, tangu kreti mpaka msasa wa mwisho. Mzee akasikiliza bila kumkatiza.

"Miezi miwili," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na kila siku tunakula wote hapa."

"Nilidhani ukishinda utafurahi."

"Ningefurahi kuulizwa."

Kisha akampigia hesabu. Nikisema mimi kwamba sikununuliwa, hawataniamini, mimi ndiye mshtakiwa. Ukisema wewe, hawatakuamini, wewe ni mwanangu. Litakaloaminika ni jiwe lenyewe, kwamba lina majina mawili na agizo lilikuwa moja. Na upande wa pili wa jiwe uko ndani ya ukuta, umegandana na saruji.

Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Tindo angepona zaidi kama angeubamiza.

*

Alhamisi Tindo alizungushwa kama pia.

Alianzia kwa mhandisi wa halmashauri. Mhandisi akasema ukuta ule si wa halmashauri, nenda wizarani. Ofisi ya wizara ikasema ukuta ni wa kampuni mpaka kampuni itakapoukabidhi. Lini? Kwa mujibu wa mkataba. Mkataba uko wapi? Nenda wizarani. Akasema hapa ndiyo wizarani. Karani akakubali kwamba kweli, hapa ndiyo wizarani, akarudi kwenye chai yake.

Akaenda polisi kuomba askari wasimamie jiwe litolewe mbele ya watu. Wakataka barua. Akaiandika palepale kaunta. Wakataka muhuri. Muhuri ulikuwa kwenye begi la bosi, na bosi alikuwa kwenye msafara wa kampeni wa Waziri.

Mpaka saa sita alikuwa ameambiwa njoo kesho mara saba. Mara ya nane ilitoka kwa mlinzi wa geti ambaye hakuwa ameombwa chochote. Alijisemea tu kwa mazoea.

Mwisho akafika kwa Meneja. Ofisi ina baridi ya kuhifadhia samaki, na mezani kuna daraja dogo la mfano ndani ya kioo, na vigari vidogo visivyolipa chochote. Meneja alimkaribisha kiti, akampa maji, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa robo saa nzima. Kazi yako ni safi, dada yangu. Wakubwa ng'ambo wameiona kwenye picha, wameisifu.

Halafu akamweleza, kwa upole ule ule, kwamba ameshamwambia Waziri kuwa lilikuwa kosa la mchongaji. Kesho Ijumaa saa nne kuna ufunguzi wa pili. Jiwe jipya litasimikwa nyuma ya turubai, Waziri atavuta pazia, yataisha.

"Hakuna jiwe jipya," Tindo alisema. "Ni lile lile. Mnaligeuza."

"Ni lile lile. Tunaligeuza."

"Na jina la baba linafukiwa, na watu wanaendelea kusema kanunuliwa."

"Dada yangu, wewe unajua hakununuliwa. Mimi najua hakununuliwa. Tatizo liko wapi?"

Tindo akasema basi mligeuze hadharani, bila turubai, watu waone nyuso zote mbili. Meneja akatabasamu kwa huruma. Jiwe ni mali ya kampuni. Ukuta ni mali ya kampuni. Hata kile kivuli cha ukuta, ukitaka kukaa, inabidi niulize.

*

Akashuka mpaka darajani, kumtafuta aliyelisimika.

Mwashi wa kampuni ni mtu wa makamo, mgeni, mikono kama mbao za kuchapia udongo. Watu wa mji walimwita Bwana Sawa, kwa sababu baada ya miaka mitatu neno letu alilolijua lilikuwa hilo moja. Sawa ya kukubali, sawa ya kukataa, sawa ya jua limekuwa kali.

Tindo alimwendea amewiva kwa hasira. Alimwonyesha jiwe ukutani, akampungia mikono, akamuuliza kwa ishara zote alizoweza kubuni: kwa nini upande huu, kwa nini si ule?

Bwana Sawa akamtazama kwa utulivu. Akaushika mkono wa Tindo, akaulaza juu ya jiwe, akaupitisha taratibu. Laini kama sahani ya kaure. Kisha akaokota kipande cha tofali, akaupitisha mkono juu yake, na kidole cha mkono wake mwingine kikaelekea nyuma ya jiwe, kule ndani ya ukuta. Mkwaruzo. Akarudisha mkono kwenye jiwe, akatikisa kichwa kwa heshima ya fundi kwa fundi.

"Sawa," alisema.

Tindo akaelewa. Yule mtu hakuweza kusoma hata herufi moja ya lugha yetu. Alipewa jiwe lenye nyuso mbili na amri ya haraka, hakuna aliyemwonyesha upi ni upi, akafanya ambalo mwashi yeyote mwenye akili angefanya. Uso uliosuguliwa vizuri zaidi akautoa nje.

Na nani alisugua? Upande wa Waziri aliupa siku mbili na nusu, akafuta vumbi, basi. Upande wa baba yake aliupa siku tisa. Msasa mkavu, msasa wa maji, nta, kitambaa cha pamba, nta tena, mpaka akawa anaona meno yake mwenyewe ndani ya herufi.

Hasira yote aliyokuwa ameibeba tangu asubuhi, ya Meneja, ya karani na chai yake, ya wahandisi wa dunia nzima, ikakosa pa kutua. Ikamrudia mwenyewe. Akakaa chini kwenye mfuko wa saruji akalia kwa ghadhabu, na Bwana Sawa akakaa kwenye mfuko wa pili, akingoja amalize, kama mtu anayengoja zege likauke.

Alipomaliza kulia, Tindo alichukua mkaa, akachora chini. Ukuta. Turubai. Jiwe linaning'inia kwenye mnyororo. Turubai linaanguka. Watu wanaona. Akamnyooshea kidole: wewe ndiye utakayeangusha turubai.

Bwana Sawa akautazama mchoro. Akainua macho kwenye dirisha la ofisi ya Meneja. Alikuwa na mke ng'ambo, na tiketi ya kurudi iliyofungiwa kwenye droo nyuma ya dirisha lile.

"Sawa," alisema.

Lakini ni sawa ipi, Tindo hakujua.

*

Ijumaa saa nne. Watu walikuwa wengi kuliko Jumatano, maana ufunguzi wa kwanza ulikuwa umewapa hamu.

Turubai la bluu lilifunika ukuta kutoka juu mpaka chini, na nyuma yake winchi ililia. Waziri akapanda jukwaani na jalada la ngozi lenye utepe wa dhahabu, akaliinua juu kama mtu aliyeshinda kombe. Kuna wanaouliza mkataba uko wapi, alisema. Mkataba huu hapa. Nimeushika mimi. Na wanaoulizia mkataba mchana ndio wanaochongewa majina gizani. Makofi yakapigwa.

Mwalimu alikuwepo. Alisimama nyuma kabisa na kofia mkononi, na watu wakamwachia nafasi pande zote, kama ukuta uliopakwa rangi mbichi.

Tindo alikaza macho kwenye turubai. Mnyororo ulikwaruza, ukanyamaza. Jiwe limetoka, alijua kwa mlio. Sasa. Angusha sasa.

Turubai halikuanguka.

Akangoja. Mshereheshaji akaanza kumwita Waziri kwenye kamba. Nyuma ya turubai ukasikika mwiko unapaka saruji, kwaru, kwaru, kwaru. Mwiko maana yake jiwe linarudi ukutani. Bwana Sawa amemsaliti, na ungekuwa wewe na tiketi yako kwenye droo ungefanya vivyo hivyo.

Hakufikiri tena. Akawapita wazee, akawapita wapambe, akaruka utepe. Walinzi wawili wakamdaka kiunoni akiwa ameshalishika turubai kwa mikono yote miwili. Wakamvuta. Hakuachia. Mikono ile inashika nyundo tangu ana miaka kumi na sita. Wakaongezeka walinzi wanne, wakamvuta kwa nguvu zote za kazi yao.

Na turubai likamfuata.

Likashuka lote, na kamba zake, na vijiti vyake, likawafunika walinzi, Tindo na nusu ya bendi. Alipotoa kichwa nje, aliona Bwana Sawa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakwaruza mwiko mtupu kwenye ukuta mtupu, anapoteza muda makusudi, akingoja mtu amtoe kwenye uamuzi aliokuwa hawezi kuufanya peke yake.

Na jiwe lilikuwa linaning'inia kwenye mnyororo.

Upepo ukatoka mtoni. Jiwe likaanza kuzunguka, taratibu, kama mwali anayeonyeshwa kwa wageni. Uso wa kwanza: limefunguliwa rasmi na Mheshimiwa Mbunge wetu, Waziri. Likageuka. Limefunguliwa rasmi na Mheshimiwa Mbunge wetu, Mwalimu. Likageuka. Waziri. Likageuka. Mwalimu. Watu wakawa wanasoma kwa zamu, upande wa kulia wanamaliza, wa kushoto wanapokea. Mshereheshaji, kwa mazoea tu, akawa analitangaza kila jina linalopita na kumwombea makofi, mpaka mtu alipomnyang'anya kipaza sauti.

Mtu huyo alikuwa Tindo.

"Nimechonga mimi," alisema, nywele zimejaa vumbi la saruji. "Nyuso zote mbili, kwa agizo moja, la kampuni. Hawakumchagua baba yangu. Wamemchagua yeyote. Baba hakujua. Nilimficha miezi miwili, na Jumatano mkamtukana kwa kosa langu."

Hakuna aliyepiga makofi. Lakini mama mmoja muuza nyanya alisogea kwenye ile nafasi tupu, akasimama karibu na Mwalimu, akajifanya anatafuta kivuli. Akaja wa pili. Punde nafasi haikuwepo tena.

Waziri hakuwa anawatazama. Alikuwa anamtazama Meneja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta barua ya mchumba wake kwenye mfuko wa jirani.

"Mimi ni rafiki yenu," alisema.

"Bado ni rafiki yetu, Mheshimiwa."

"Na yule?"

"Naye pia," Meneja alijibu akitabasamu. "Ikibidi."

Hapo ndipo Waziri alipofanya jambo ambalo maswali ya mwaka mzima yalishindwa kumfanyisha. Alilibamiza jalada mezani, akakata ule utepe wa dhahabu kwa meno, akatangaza kwamba kama ni hivyo basi leo mkataba unasomwa, mbele ya wananchi, neno kwa neno.

Akafungua. Akafungua ukurasa wa pili. Akarukia katikati, akageuza jalada chini juu, akaligeuza tena. Kote ni lugha ya kule ng'ambo. Kitu pekee alichokitambua ni sahihi yake mwenyewe, ukurasa wa mwisho, imejikunja kama waya wa kitanda.

Mwalimu alikuwa ameshafika mbele. Alimwuliza taratibu, kama anavyoulizwa mtoto aliyekwama ubaoni.

"Mheshimiwa, ulitia sahihi kitu gani?"

"Palikuwa na alama ya penseli," Waziri alisema. "Nikatia pale."

Wote wakamgeukia Meneja, ambaye lugha ile anaimeza kama uji. Meneja akakumbuka ana kikao. Alikumbuka kwa kasi sana; vumbi lake lilichukua dakika mbili kutulia.

Ndipo Tindo akamshika mkono Bwana Sawa, akamleta mezani. Mtu aliyeshindwa kusoma jina la Waziri kwenye jiwe sasa ndiye pekee aliyeweza kusoma alichokitia sahihi Waziri. Mwalimu akatoa chaki mfukoni, maana hajawahi kukosa chaki, akachora mtu anavuka daraja, akachora jua linachomoza na kuzama, akachora alama ya kuuliza. Miaka mingapi? Mwashi akaelewa. Akanawa mikono kwenye ndoo, akalishika jalada, akalisogeza mbali, akalileta karibu. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Akajipapasa mifuko, akatikisa kichwa, akaonyesha mtoni. Miwani yake iko huko tangu ujenzi wa nguzo ya pili.

Tindo akauzunguka umati kuomba miwani. Na hapa, msomaji wangu, ningependa kurukia mbele, lakini walionitambua siku ile watasema kama nisiposema mimi. Alinikuta nyuma ya spika kubwa, nimejikunyata.

"Mzee," alisema, "wewe ulikuja karakana mwezi uliopita kunoa kisu. Uliliona jiwe. Uliyasoma majina yote mawili kwa sauti, ukacheka."

Nikasema huenda nilikuja.

"Na tangu Jumatano unawasikia wanamwita baba yangu kanunuliwa. Neno lako moja lingemaliza. Ulikuwa unangoja nini?"

Nilimweleza ukweli, nilikuwa naitunza kwa ajili ya gazeti. Hadithi ilikuwa imenoga, na ningesema mapema, leo ningewaandikia nini? Nikajisikia mwenyewe ninavyosema, mbele ya watu, na mama muuza nyanya akanitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu.

Tindo hakunitukana. Alinyoosha mkono tu, akangoja. Nikavua miwani nikampa, na dunia yote ikawa ukungu, jiwe likawa doa jeusi, na watu wakawa rangi tu.

Kwa hiyo msiniulize mimi jinsi uso wa mwashi ulivyokuwa alipokuwa anasoma, sikuuona. Nilisikia karatasi ikigeuzwa, ya kwanza, ya tano, ya kumi na tisa, kisha ikanyamaza. Nilimsikia Mwalimu akimpa chaki. Nilisikia mnyororo ukitulia, mtu amelishika jiwe lisizunguke. Watu elfu na mia mbili wakazuia pumzi, na chaki ikaandika tarakimu kwenye jiwe, mkwaruzo mmoja.

Ikaandika ya pili.

Mtu karibu yangu akaguna, akasema hiyo ni miaka mingi, lakini si neno, tutazaa, watoto watakuja kulikuta daraja ni lao.

Chaki haikuwekwa chini. Ikaandika ya tatu.